Saa ya Ng'ombe

Hakuna mtu aliyewahi kumsubiri Odilon Verstuyft, isipokuwa watu wa nyumbani kwake. Kwa miaka arobaini na mmoja aliendesha lori la tangi akikusanya maziwa kwenye mashamba ya upande wa Eeklo, na hakuna mkulima hata mmoja aliyetoka kusimama barabarani akiuliza lori liko wapi. Ng'ombe akishakamuliwa, maziwa hayana subira. Lakini siku bintiye wa pekee, Goedele, alipozaliwa, Odilon alikuwa kwenye shamba la kumi na tatu na yalibaki tisa. Aliyamaliza yote tisa. Alipofika hospitalini mtoto alikuwa na umri wa saa nne nzima, na baba mtu alikuwa bado na viatu vya mpira, ananuka maziwa, lori ameliegesha mahali pa magari ya wagonjwa. Alikaa dakika kumi akaondoka, kwa sababu tangi lilikuwa limejaa.

Kisa hicho Goedele alikisikia kwa mama yake kila siku ya kuzaliwa kwake. Tangu mama yake, Jeannine, afariki, amekuwa akikisimulia mwenyewe, keki ikikatwa, jicho moja kwa baba yake.

Mjukuu wa kwanza, Noor, alizaliwa babu akiwa njiani na maziwa. Wa pili, Mil, alizaliwa babu akiwa amestaafu, ila siku hiyo alikwama nyuma ya trekta la viazi sukari kwa maili nane. Mwaka juzi akazaliwa wa tatu, ambaye hakulia. Kwa huyo hakukuwa na cha kuwahi.

Ndiyo maana Jumapili ile ya mwisho wa Oktoba, simu ilipolia asubuhi mapema katika nyumba ya Goedele mjini Gent, Odilon, aliyelala pale kuwaangalia wajukuu, aliipokea suruali ikiwa mkononi.

"Baba, ni msichana," Goedele alisema. Sauti ilikuwa hoi, lakini ilicheka. "Mzima kabisa. Amelia mpaka mkunga akaziba masikio."

"Nakuja."

"Huji! Hebu sikiliza kwanza. Mimi nataka kulala, na mtoto wanamchunguza leo kutwa. Watembeze ndugu zake mjini, waone ngome, wachoke. Jioni saa kumi na mbili kamili nitabonyeza kile kitufe. Nataka muwe uwanjani, chini ya taa. Noor amenisumbua miezi tisa kwa taa hizo."

Kile kitufe watu wa Gent wanakijua. Mbele ya ngome ya kale pana uwanja wa Sint-Veerle, na taa za uwanja ule zimeunganishwa na wodi za wazazi. Mtoto akizaliwa, wazazi hubonyeza, na taa zote zinang'aa kuliko kawaida, kisha zinarudi polepole. Anayepita anajua kwamba dakika hiyo kuna mtu mpya mjini. Yule wa mwaka juzi hakubonyezewa, na Goedele alikaa mwaka mzima akizunguka njia ya mbali ili asipite pale.

"Saa kumi na mbili, baba. Si na robo."

"Unanifundisha saa? Mimi?"

"Nilikuwa na umri wa saa nne, baba, ulipo..."

"Basi, basi! Lala." Akakata simu, akaapa kimoyomoyo kwamba safari hii hata anga ianguke atakuwa pale.

Sasa nieleze habari ya saa yake, maana bila hiyo hamtamwelewa. Nchi ile kila majira ya kuchipua husogeza saa zake mbele kwa saa moja, na mwisho wa Oktoba huzirudisha. Sheria ni sheria, lakini ng'ombe hasomi gazeti. Kiwele kinajaa pale kinapojaa. Wazee wengi wa mashambani waliikataa sheria hiyo kwenye mikono yao. Odilon naye saa yake ya mkononi hakuigusa mwaka mzima. Aliiita saa ya ng'ombe, na wakati wa kiangazi aliongeza saa moja kichwani, bila hata kufikiri, kama mtu anayefunga kishikizo.

Na usiku wa kuamkia Jumapili ile, Goedele akiwa kwenye uchungu, nchi nzima ilirudisha saa nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu Machi, saa ya Odilon ilikuwa sahihi. Nani wa kumkumbusha? Miaka yote kazi hiyo ilikuwa ya Jeannine. Saa ya jiko la kuokea, ambayo hakuna aliyeigusa, ilionyesha saa mbili na nusu. Ya mkononi ilionyesha moja na nusu. Odilon akaongeza moja, zikalingana, akaridhika. Hata matumbo ya watoto yalimuunga mkono, maana walishaamka muda mrefu wakilia njaa. Mazoea yana taabu.

"Viatu!" alipaza sauti. "Tunachelewa!"

"Tunachelewa wapi?" Noor aliuliza. Alikuwa na miaka sita na mdomo wa mama yake.

"Popote."

Mil alikuwa na miaka mitatu na ugonjwa mmoja: vitufe. Hakuacha kitufe chochote alichokifikia. Alibonyeza lifti ya nyumbani ghorofa zote, akabonyeza kitufe cha taa za waenda kwa miguu mara ishirini, na ndani ya tramu alibonyeza cha kusimamisha mpaka dereva akageuka kumtazama babu.

"Ni mtoto," Odilon alisema.

"Naona, mzee. Na mikono ya kumshika je, ni ya nani?"

Walifika ngomeni kwa hesabu ya Odilon saa nne na robo. Kibao kilisema milango hufunguliwa saa nne. Lango lilikuwa limefungwa, na mbele yake kulikuwa na njiwa watatu na kikombe cha karatasi.

"Wamelala," alisema Odilon. Alijua atakasirika, na tayari alikuwa amekasirika. "Jumapili kidogo tu, mji mzima umelala. Ningelala mimi hivi, nusu ya Ubelgiji ingekunywa kahawa nyeusi."

Aligonga lango kwa ngumi. Lango lile limezuia majeshi. Halikushtuka kwa mzee mmoja wa Eeklo.

"Babu, uliahidi ngome," Noor alisema.

"Ngome haikumwahidi babu."

"Si tungoje kidogo?"

"Mimi simgojei mtu aliyechelewa kazini! Twende."

Mil, aliyeahidiwa mapanga na shimo la wafungwa, alilala kifudifudi juu ya mawe akakataa dunia. Odilon alimnyanyua kwa kamba za suruali, akamtia kwenye kigari cha kuvuta cha mbao walichokuja nacho, akavuta. Mawe yale ya barabarani ni ya zamani, yanasifiwa, yanapigwa picha. Odilon aliyachukia moja moja. Kila hatua kigari kilidunda, Mil akadunda, na kilio chake kikadunda pamoja naye. Kwenye mtaa wa pili gurudumu likaingia kwenye reli ya tramu likakwama, na tramu ikawa inakuja.

"Mzee!" mwanamke mmoja alipiga kelele juu ya baiskeli. "Hiyo ni njia ya tramu, si malisho!"

"Na hiyo ni baiskeli au ni ulimi wako una magurudumu?"

Lakini mwanamke alishuka, akashika nyuma ya kigari, wakakinyanyua pamoja, tramu ikapita ikipiga kengele. Akaondoka kabla Odilon hajapata shukrani kooni, jambo lililomuudhi zaidi.

Chini ya mnara mkubwa wa mji, ule wenye joka la dhahabu kileleni, Odilon aliinua macho kutazama saa. Kisha akatazama ya mkononi. Zilikuwa sawasawa, dakika kwa dakika. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Unaona, Noor? Mnara wa miaka mamia, na bado unashika saa ya ng'ombe. Waliojenga huu walikuwa na akili. Hawa waliokuja baadaye ndio waliopotea."

"Kwa hiyo ni saa ngapi?"

"Ongeza moja."

Noor akaongeza moja. Hakuna la ajabu kwake. Babu alikuwa hivyo siku zote.

Kanisani hawakuingia, kwa kuwa ibada ilikuwa inaendelea na Mil alikuwa akiimba wimbo wake mwenyewe. Ukingoni mwa mto Leie, pale watu wanapokaa kutazama nyumba za wafanyabiashara wa kale, Odilon alikaa na yeye, miguu ikimwaka moto. Mil akaanza tena kulia ngome. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na Odilon, ambaye hangekubali jambo hili kwa dereva mwenzake yeyote, alimpa Mil simu yake ya vitufe ili anyamaze. Mil alinyamaza. Alibonyeza moja, akabonyeza mbili, akabonyeza zote, halafu akataka kujua kama bata maji naye anaweza kubonyeza.

Simu ilifanya chubwi.

"Inaogelea," Mil alisema.

"Haiogelei," alisema Noor. "Imekufa."

Odilon alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Yale ambayo mzee wa kijijini anaweza kuyasema mbele ya mto bila watu alikuwa nayo mdomoni yote, na watoto walikuwa pale, akayameza.

"Babu, kojo," alisema Mil.

Kutoka mtoni hadi choo cha karibu ni mwendo wa dakika tatu kwa mtu asiye na kigari. Odilon aliacha kigari, akambeba Mil kwapani mbio, Noor nyuma yake akipiga kelele kwamba kigari kitaibwa. Mkahawani walionyeshwa ngazi za kushuka, nyembamba, za mzunguko, za kale kama kila kitu. Chini kabisa Odilon alianza kupambana na koti, chini ya koti suruali ya kamba, chini yake suruali ya baridi.

"Basi tena," alisema Mil kwa upole. "Imeshatoka."

Akiba iliyokuwa mkobani ilikuwa ya Noor: suruali ya waridi yenye farasi. Mil aliipenda. Ni Noor aliyelia, kwa sababu ni yake. Kigari walikikuta palepale mtoni.

Saa sita na nusu, kwa hesabu ya Odilon, waliingia mahali pa kula. Meza zilikuwa tupu, vitambaa vimekunjwa. Alivuta kiti akakaa kama mtu mwenye haki.

"Jiko linafunguliwa saa sita, mzee," mhudumu kijana alisema, akifuta bilauri.

"Vizuri. Lete supu mbili na mkate, na wa mtoto ukatwe vipande."

"Nimesema saa sita."

"Nami nimesikia saa sita! Hujaona ilivyopita?"

Kijana alimtazama, akaitazama suruali ya farasi, akaamua kwamba mishahara haitoshi kwa mazungumzo ya namna hii. Akarudi kwenye bilauri zake. Odilon alisubiri dakika kumi kwa makusudi, mikono imekunjwa, kisha akainuka akavaa koti kwa kelele nyingi iwezekanavyo. Kibanda cha chipsi nacho kilikuwa kimefungwa. Walikula biskuti zilizokuwa mkobani, wamekaa kwenye ngazi za soko la nyama la zamani, na alipofika mtu wa chipsi kufungua, Mil alikuwa amesinzia na Noor alikuwa ameacha kuongea, jambo ambalo kwa Noor lilikuwa baya kuliko kilio.

"Babu," alisema hatimaye, mayonezi mdomoni. "Mama alisema Gent ni nzuri."

"Ni nzuri. Ila imechelewa."

Mchana uliobaki sina haja ya kuueleza wote. Mvua ilinyesha, ikaacha. Soksi moja ya Mil ilipotea, na wakarudi mitaa mitatu kuitafuta, ikapatikana ndani ya kofia yake. Walipanda boti, Mil akamwomba nahodha abonyeze honi, nahodha akakubali mara moja, na ile mara moja ndiyo iliyoleta matata ya nusu saa. Odilon alichoka mpaka kwenye mifupa, uchovu ambao lori halikuwahi kumpa. Lori halikuulizi kwa nini. Lakini kila alipotaka kuketi alitazama mkono wake, akaongeza moja, akainuka. Yote hayo yangevumilika. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa na maana siku ile, nacho kilikuwa saa kumi na mbili.

Kwa hesabu yake walifika uwanjani saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na tano. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Aliwasimamisha watoto katikati, akamwinua Mil begani.

"Tazameni hizo taa. Msipepese macho."

"Zitafanyaje?" Mil aliuliza.

"Zitasema mdogo wako amefika."

"Atasema jina lake?"

"Taa haisemi jina, wewe," alisema Noor. Lakini alikuwa amemshika babu koti kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa juu.

Saa kumi na mbili ikafika. Taa zikabaki kama zilivyo. Hazikuwa hata zimewashwa.

"Wanabana umeme," Odilon alisema.

Dakika tano zikapita. Odilon akasema mama yao pengine ameenda chooni. Zilipofika kumi alisema wakunga wa siku hizi wana maneno mengi. Kwenye robo Mil begani alikuwa mzito kama debe la maziwa, na shingo ilimuuma, lakini hakuthubutu kumshusha.

"Mama hachelewi," Noor alisema polepole. "Babu ndiye huchelewa."

Neno hilo lilimpiga Odilon mahali pabaya, si kwa sababu ya kejeli. Ni kweli, Goedele hachelewi. Goedele akisema saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na sekunde moja kidole kipo. Basi kwa nini taa ziko kimya? Asubuhi mtoto alikuwa mzima. Lakini yule wa mwaka juzi naye, siku moja kabla, daktari alisema moyo unapiga vizuri. Na leo walisema wanamchunguza kutwa. Kwa nini wamchunguze kutwa mtoto mzima? Na simu, wangepiga simu vipi, simu iko chini ya bata maji? Odilon aliogopa, na alijichukia kwa kuogopa mbele ya watoto, na zaidi ya yote alijichukia kwa simu ile.

"Shuka, Mil. Twende."

"Wapi? Taa bado!"

"Noor, twende!"

"Umesema tusipepese macho!"

"Nimesema twende, mama, tafadhali." Noor hakuwahi kumsikia babu akisema tafadhali. Akapanda kigarini mwenyewe.

Hawakufika hata kona ya pili, taa za uwanja zikawashwa nyuma yao kama kila jioni, moja baada ya nyingine. Odilon hakugeuka.

Kwenye tramu alisimama njia yote ingawa viti vilikuwa vitupu. Hospitalini aliingia mbio akivuta kigari kwenye sakafu inayong'aa, mlinzi akamwita, hakumsikia. Waliingia kwenye lifti. Wodi ya wazazi ilikuwa ghorofa ya saba. Kabla Odilon hajainua mkono, Mil alikuwa ameshamaliza: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba.

"Nimebonyeza zote," alisema kwa fahari.

Ghorofa ya kwanza. Milango ikafunguka, hakuna mtu, ikajifunga taratibu. Ghorofa ya pili. Odilon aliegemeza paji la uso kwenye chuma baridi. Ghorofa ya tatu. Katika maisha yake yote hakuwahi kutamani kumpiga mtoto, na hakumpiga, lakini aliuma mkono wa koti lake mwenyewe. Ghorofa ya nne, mwanamke mmoja akataka kuingia na maua, akaona uso wa mzee, akasema atasubiri nyingine.

Ghorofa ya saba milango ilipofunguka aliwaona hapo hapo kwenye ukumbi. Goedele alikuwa amesimama kwa kandambili, ameshika ukuta, pembeni ya kitufe. Mumewe, Wannes, alikuwa na furushi jeupe kifuani.

"Baba!" Goedele alisema. "Unafanya nini hapa?"

Odilon alikuwa anatazama furushi. Furushi likajinyoosha, likapiga mwayo.

"Yu hai," alisema.

"Yu hai ndiyo, kwa nini asi..." Goedele akaona uso wake.

"Hazikuwaka," Odilon alisema. "Nimesimama pale mpaka kumi na mbili na nusu karibu. Hazikuwaka, Goedele. Nikajua basi, ni yale yale."

Wannes alimtazama mkwewe, akatazama saa ya ukutani.

"Mzee," alisema taratibu, "sasa ni saa kumi na mbili kasoro dakika saba. Saa zimerudi nyuma jana usiku."

Odilon alitazama mkono wake. Kasoro dakika saba. Alifungua mdomo ili aongeze moja, akaufunga. Lango la ngome likamjia, na mhudumu na bilauri zake, na mnara wenye akili.

Noor alikuwa anapiga hesabu, na alipiga haraka kuliko babu.

"Kwa hiyo ngome ingefunguliwa kama tungengoja kidogo?"

"Ndiyo."

"Na supu ingekuwepo?"

"Ingekuwepo."

"Na kwenye taa tulikuwa tumewahi, halafu wewe ukatuondoa?"

"Ndiyo, mama."

"Babu!" Akaangua kilio, kilio cha siku nzima, cha ngome na suruali ya waridi na vyote. "Sasa nani ataziona?"

"Hapana, msilie, hakijaharibika kitu," Goedele alisema. Alikuwa anacheka huku ameshika tumbo, na machozi yanamtoka. "Nitangoja. Rudini na tramu, nitabonyeza saa kumi na mbili na nusu. Ya kweli, baba! Wannes, mwonyeshe kwenye simu yako. Noor, futa kamasi. Baba, vaa kofia, chukua..."

Tik.

Wote waligeuka. Mil alikuwa amesimama juu ya kigari, suruali ya farasi imemlegea, kidole bado ukutani.

"Nimebonyeza," alisema.

Ukumbini hakukutokea kitu. Balbu ya dari ilibaki vile vile. Huko mjini, mwendo wa tramu kutoka pale, taa za uwanja ziling'aa kuliko kawaida kwa watu waliokuwa wakipita na shughuli zao, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa wa ukoo huu.

"Bonyeza tena," Noor alimsihi mama yake. "Mama, bonyeza tena."

"Mtu hazaliwi mara mbili, mwanangu."

Odilon alikaa kwenye benchi, koti limelowa, kofia magotini. Alikuwa na hasira na Mil, na serikali, na ng'ombe, na hasira zote zilipokwisha kugawanywa aliona kwamba nyingi zimebaki kwake.

"Nimekuharibia," alisema. "Tena."

Goedele alimchukua mtoto kifuani kwa Wannes, akaja kwa hatua fupi za mtu mwenye maumivu, akamweka mikononi mwa baba yake, juu ya koti lenye mayonezi. Mtoto alikuwa mwepesi mno. Odilon alinyoosha viwiko kwa woga, kisha, kwa mazoea, akageuza mkono atazame saa.

Goedele akaifunika ile saa kwa kiganja.

"Kaa, baba," alisema. "Leo hakuna tangi."